Boti ya kushona: kutoka mtepe hadi plaiwudi na fibaglasi

Leo tunaiweka kompyuta kando kidogo, ingawa mkifika mwisho mtaona hatukwenda mbali nayo. Mada ya leo ni boti. Si meli wala jahazi, ni ile boti ndogo ya plaiwudi na fibaglasi ambayo mtu mwenye msumeno, keekee na subira anaweza kuiunda nyuma ya nyumba yake, awe Takaungu, Kilifi, Watamu au Malindi.

Wengi wakiiona boti hiyo husema ni ufundi wa Wazungu, umeletwa na wenye mahoteli na watalii wanaokuja kuvua samaki kwa starehe. Mimi nasema nusu tu ya maneno hayo ni kweli. Kioo na gundi vimetoka ng'ambo. Lakini wazo lenyewe, la kukata mbao zikiwa bapa na kuzishona ukingo kwa ukingo mpaka zigeuke chombo, lilikuwa pwani hii yapata miaka elfu moja na mia tano kabla ya Wareno kuanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Tukalipoteza. Na sababu mojawapo iliyotufanya tulipoteze kabisa, mtu yeyote anayeandika programu ataielewa mara moja: kazi ilikuwa nzuri, ila maelezo yake hayakuandikwa popote.

Inavyoundwa

Nianze na boti yenyewe ili ambaye hajawahi kuiona ikiundwa apate picha.

Bao moja la plaiwudi lina upana wa futi 4 na urefu wa futi 8. Kwa boti ya futi 14 hivi, mabao huungwa kichwa kwa kichwa ili kupata urefu. Halafu unachora vipande vyako: viwili vya chini, viwili vya ubavuni, na kimoja cha tezi. Unavikata kwa msumeno wa mkono au wa stima. Kisha unatoboa matundu madogo kandokando ya kila kipande, kila baada ya sentimita 15 hivi, ukihakikisha matundu ya kipande hiki yanaelekeana na ya kile.

Hapo ndipo ushonaji unaanza. Unachukua waya wa shaba (wengi hutumia nyaya za stima zilizochunwa ganda lake la plastiki), unaupitisha tundu hadi tundu na kuusokota kwa koleo. Kadiri unavyosokota, mbao zinajipinda zenyewe. Asubuhi ulikuwa na vipande bapa vimelala sakafuni kama mikeka, jioni una chombo chenye omo na tezi. Hakuna mataruma yaliyotangulia wala kalibu ya kukalishia. Umbo lote la boti limefichwa katika mkunjo wa ukingo wa kila kipande, na waya unalitoa nje.

Baada ya hapo unachanganya epoksi na unga laini wa mbao mpaka iwe nzito kama siagi ya njugu, unaijaza katika maungio kwa ndani, unalaza juu yake utepe wa kitambaa cha kioo na kuulowesha epoksi. Ikishakauka, waya unakatwa au unatolewa. Nje unaifunika boti nzima, au sehemu ya chini tu, kwa kitambaa cha fibaglasi, kwa sababu matumbawe ya pwani yetu hayana huruma kwa plaiwudi tupu. Mwisho ni rangi. Rangi hiyo si pambo: jua huila epoksi, na boti isiyopakwa rangi itaanza kuchakaa mapema.

Kuna mitego miwili ambayo mtu wa Pwani anapaswa kuijua. Wa kwanza ni plaiwudi yenyewe. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Kenya, ukiomba "marine" utapewa lile bao lenye ngozi nyeusi au ya kahawia linalotumiwa kumimina zege. Jina lina bahari ndani yake, ila bao hilo liliundwa kwa ajili ya zege, na ngozi yake inaizuia epoksi isishike. Kwa plaiwudi yoyote isiyo na alama ya kuaminika, mafundi wana mtihani wa jikoni: kata kipande kidogo, kichemshe kwenye sufuria kwa saa kadhaa, kianike kikauke. Kikiachana tabaka kwa tabaka, hilo bao ni la kabati, lisiende baharini.

Mtego wa pili ni joto. Maelekezo mengi ya epoksi yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Kwa joto la Malindi la nyuzi 30, mchanganyiko unaoachwa ndani ya kopo hupata moto na kuganda kabla hujamaliza kuupaka. Kwa hiyo unachanganya kidogo kidogo, unaumimina kwenye sinia pana ili usijipashe moto, na unafanya kazi alfajiri au jioni.

Weka kamba mahali pa waya

Sasa rudi ile aya ya waya, uisome tena, na kila palipo "waya wa shaba" weka "kamba ya usumba". Utakuwa umesoma habari za mtepe.

Mtepe ulikuwa chombo cha Wabajuni na watu wa visiwa vya Lamu. Mbao zake ziliunganishwa ukingo kwa ukingo kwa vijiti vya mti vilivyopigwa kimshazari, kisha zikashonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi iliyopita katika matundu, na matundu yakazibwa kwa vijiti vingine. Ubavu ulitangulia, mataruma yakafuata. Msumari wa chuma haukuwemo. Tanga lake lilikuwa la mraba, la mkeka uliosukwa kwa miyaa, na omo yake ilichongwa kama kichwa cha ngamia. Wazee husimulia kwamba ni ngamia wa Mtume.

Ukongwe wa ufundi huu si hadithi ya barazani. Katika karne ya kwanza mfanyabiashara mmoja wa Kigiriki aliyeishi Misri aliandika mwongozo wa bandari za bahari yetu, unaojulikana kama Periplus ya Bahari ya Eritrea. Anataja kisiwa cha Menuthias, ambako watu walivua samaki na kasa kwa mitumbwi na vyombo vya kushonwa, na baada yake bandari ya Rhapta, ambayo anasema imepewa jina kutokana na vyombo hivyohivyo vya kushonwa. Kwa lugha nyingine, bandari kubwa kuliko zote za pwani hii wakati ule iliitwa kwa jina la teknolojia yake. Wenzetu wa California walikuja kufanya hivyo na silikoni miaka mingi baadaye.

Wageni waliohukumu vyombo vya kushonwa hawakukubaliana. Marco Polo, katika karne ya 13, aliviona Hormuz na kuvidharau. Kwake yeye chombo kisicho na msumari kilikuwa kifo kinachoelea. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisema kinyume chake: bahari hii imejaa miamba, chombo cha misumari kikigonga mwamba kinavunjika, cha kamba kinanepa na kubaki kizima.

Wote wawili walikuwa na hoja. Chombo cha kushonwa kilivuja, na mabaharia walifua maji ya ngama usiku na mchana. Kamba zilioza na kutaka kubadilishwa. Lakini kilinepa kinapogonga, kilipandishwa mchangani bila kuumia, na kikiharibika kilitengenezwa kwa vitu vinavyoota palepale: mnazi, mkoko na mti wa mbao. Hakuna aliyelazimika kusubiri meli ilete chuma.

Kwa wanaotilia shaka kwamba kamba inaweza kuvuka bahari kuu, mwaka 1980 huko Sur, Oman, mji ambao wengi wa watu wa pwani yetu wana ndugu, iliundwa meli ya kushonwa iliyoitwa Sohar. Tim Severin na mabaharia wake wakaipeleka kutoka Muscat hadi Canton, China, wakafika mwaka 1981. Haikuwa na msumari hata mmoja katika mbao zake.

Misumari inaingia

Vasco da Gama alitia nanga Malindi Aprili 1498. Kabla ya hapo, kule Msumbiji, watu wake walikwisha kuona vyombo vikubwa visivyo na misumari, vilivyofungwa kwa kamba na kusafiri kwa matanga ya mikeka, na mwandishi wao akayaandika hayo katika kumbukumbu za safari. Malindi wakapata rubani wa kuwavusha hadi Calicut. Fikiria hali hiyo: waliokuwa na misumari na mizinga hawakuijua njia, na waliokuwa na kamba waliijua. Waliporudi, Januari 1499, walikuwa wachache kiasi kwamba hawakuweza kuziendesha meli zote, wakaichoma moto São Rafael kwenye fungu karibu na Tanga.

Meli nyingine ya Kireno ingali hapahapa. Kaskazini ya Malindi, mbele ya Ras Ngomeni, kuna mabaki ya meli kwenye kina cha mita 6 hivi, na wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya wamekuwa wakiyachunguza pamoja na wenzao wa nje. Wamekuta vipande vya shaba na pembe za ndovu. Wengine wanadhani huenda ni São Jorge, iliyopotea mwaka 1524.

Mtepe haukuuawa na Wareno. Uliendelea kusafiri kwa zaidi ya miaka mia tatu baada yao, ukibeba boriti za mikoko. Kilichouondoa ni hesabu ya fundi. Karne ya 19 ilipofika, msumari wa chuma ulikuwa bidhaa ya dukani, na chombo cha misumari kilimalizika upesi, hakikutaka kushonwa upya, na kilibeba mzigo zaidi. Mashua na jahazi vikachukua nafasi. Fundi akawa na tezo, msumeno, keekee na ndoo ya misumari. Maungio yakazibwa kwa pamba iliyolowa sifa, yaani yale mafuta ya papa, kazi iitwayo kutia kalafati. Na tumbo la chombo likapakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, kuwazuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao.

Ilipofika miaka ya 1930 mitepe ilikuwa imetoweka baharini. Mwaka 1941 mtafiti Mwingereza James Hornell alichapisha makala kuhusu mtepe na dau la Lamu. Vikabaki vielelezo vidogo vya kuchonga, kama vile vilivyomo Fort Jesus na katika makumbusho ya Lamu. Hapo naomba mkumbuke neno "vielelezo", tutarudi kwake.

Kioo na gundi

Tuhamie Marekani, kwa sababu nusu ya pili ya boti yetu ilizaliwa huko. Mwaka 1932 kijana aitwaye Dale Kleist, katika kampuni ya vioo ya Owens-Illinois, Ohio, alikuwa akijaribu kuunganisha matofali ya kioo kwa kupulizia kioo kilichoyeyuka. Badala ya kuunganika, kioo kikageuka nyuzi nyembamba kama za pamba. Bosi wake, Games Slayter, akaona thamani yake. Nyuzi hizo zikachanganywa na resini ya poliesta, na mwaka 1942 Ray Greene wa mji wa Toledo, jimbo hilohilo, akaunda boti ya fibaglasi. Baada ya vita vikuu vya pili, viwanda vikaanza kuzitoa boti kutoka katika kalibu kama mtu atoavyo maandazi.

Plaiwudi nayo ilinufaika na vita. Gundi za zamani ziliachia zikilowa maji. Gundi mpya zilizotumiwa katika ndege na boti za kivita zilistahimili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndugu wa familia ya Gougeon huko Bay City, Michigan, wakaanza kutumia epoksi kuiziba mbao kabisa isiingie maji, na wakaeneza maelezo yao kwa kila aliyetaka.

Lakini boti iliyokuja kubadili mambo kwa mtu wa kawaida ni Mirror ya Uingereza. Mwaka 1963 Barry Bucknell, ambaye alikuwa mtangazaji wa televisheni wa vipindi vya kujifanyia kazi nyumbani, pamoja na mchoraji wa boti Jack Holt, walitengeneza boti ya tanga ya mita 3.3. Gazeti la Daily Mirror likaitangaza, nayo ikachukua jina la gazeti. Ilikuja ndani ya masanduku, vipande vya plaiwudi vikiwa vimekwisha kukatwa, kwa bei ya pauni 63 na shilingi 11. Mnunuzi alivishona kwa waya wa shaba, akabandika utepe wa fibaglasi juu ya maungio, akaenda baharini. Watu waliiundia sebuleni na kwenye gereji. Zaidi ya Mirror 70,000 zimeundwa.

Sidai kwamba Bucknell aliuiga mtepe. Binadamu ameshona vyombo pande nyingi za dunia. Hata chombo cha Firauni Khufu, kilichofukuliwa kando ya piramidi ya Giza mwaka 1954, kimefungwa kwa kamba. Ninachodai ni kwamba tatizo lilikuwa lilelile na jibu likawa lilelile. Ukiwa huna kalibu, huna karakana wala mashine ya kupinda mataruma, mshono unakuruhusu kuunda chombo kuanzia kwenye ngozi yake. Epoksi imeondoa udhaifu mkubwa wa mtepe, yaani kuvuja na kuoza kwa kamba. Nanepo ndilo lililopotea. Boti ya epoksi ikigonga mwamba kwa nguvu inavunjika kama ile ya misumari aliyoisema Ibn Battuta, ila inazibika kwa siku moja.

Kwa nini ni muhimu Kilifi leo

Mtu ataniuliza, tuna mitumbwi na mashua, plaiwudi ya nini?

Jibu la kwanza ni miti. Mtumbwi mzuri hutaka gogo moja nene, na mwembe wa kutoa gogo hilo huchukua miongo mingi kukua. Miti ya mbao ngumu kama mbambakofi imebaki kwa uchache katika msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420 hivi kati ya Kilifi na Malindi, na huko si mahali pa kwenda na shoka. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma nchini kote, na kila fundi wa mbao aliuhisi mfukoni. Plaiwudi inachunwa kutoka miti ya kupandwa inayokua haraka kule bara, na boti moja ndogo inatumia mbao chache sana. Gogo linalochongwa kuwa mtumbwi, sehemu kubwa yake huishia kuwa vibanzi vya kuni.

Jibu la pili linahusu boti za fibaglasi tupu, zile za kutoka kiwandani. Katika miaka ya karibuni vikundi vya wavuvi vimekuwa vikipewa boti hizi na serikali na wafadhili. Ni imara na zinafika nje ya mwamba, kwenye samaki wakubwa. Tatizo linakuja siku zinapopasuka. Kalibu iko mbali, aliyeiunda yuko mbali, na kikundi kimepewa chombo bila kupewa ufundi wake. Boti inapandishwa chini ya mnazi "kwa muda", na fibaglasi haiozi, kwa hiyo itakaa pale mpaka wajukuu waikute. Waswahili walisema dau la mnyonge haliendi joshi, lakini mara nyingine linashindwa kwenda kwa sababu ya ufa wa shubiri moja ambao hakuna kijijini anayejua kuuziba.

Fundi aliyeunda boti moja ya plaiwudi kwa mikono yake anajua kuuziba. Ameshika kitambaa, amepima resini na kigandishi, ameona inavyopata moto, amepiga msasa akiwa amefunika pua (na afunike kweli, vumbi la kioo si la kuvutwa). Ufundi huo unahamia moja kwa moja kwenye boti ya kiwandani. Kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa ya kujiundia: unapata boti moja na fundi mmoja.

Sisemi plaiwudi haina kasoro. Resini ni ghali, na inatoka nje. Maji yakiingia kwenye plaiwudi kupitia tundu la skrubu lisilozibwa, yanaoza ndani kwa ndani huku rangi ya nje ikimeremeta. Na jahazi la tani kadhaa bado ni kazi ya mbao nene na mafundi wa Lamu. Ninazungumzia chombo kidogo cha watu wawili watatu, cha wavu, mshipi, au kuvuka mkondo wa Kilifi.

Msimbo uko wapi?

Sasa turudi kwenye kompyuta kama nilivyoahidi.

Mwaka 2003 huko Zanzibar mafundi waliunda upya mtepe, wakauita Shungwaya, ukawekwa katika makumbusho ya Beit al-Ajaib. Kwa kuwa mitepe ilikuwa imetoweka kwa miongo, hapakuwa na chombo halisi cha kupimia. Ilibidi kutegemea vielelezo vidogo, picha na maandishi ya watafiti. Mtaalamu wa programu anaijua kazi hiyo: umeachiwa programu inayoendeshwa, msimbo wake umepotea, na aliyeuandika amefariki. Unaanza kukisia kutoka nje kwenda ndani. Kielelezo kinakuonyesha umbo, ila hakikwambii kamba ilivutwa kwa nguvu kiasi gani, matundu yalitobolewa kabla au baada ya mbao kupindwa, ama ubao upi ulitangulia.

Halafu tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo la Beit al-Ajaib ikaporomoka. Kila aliyewahi kupoteza diski moja iliyokuwa na kila kitu chake anaelewa hatari ya kuweka kumbukumbu za taifa katika jengo moja.

Tofauti na mtepe, boti ya plaiwudi imeenea duniani kwa sababu msimbo wake uko wazi. Mwaka 1974 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa michoro ya boti za uvuvi za chini bapa, pamoja na za plaiwudi, kwa ajili ya nchi kama zetu, yenye vipimo vya kila kipande. Katika miaka ya 2000 ikaja FREE!ship, programu huria ya kuchorea boti, ambayo hufanya jambo moja la ajabu: unachora boti katika vipimo vitatu, nayo inaikunjua na kukupa vipande bapa vya kukata.

Hapa pana hisabati nzuri. Plaiwudi hukubali kupinda upande mmoja tu kwa wakati, kama karatasi unayoikunja kuwa kikombe cha njugu. Haikubali kuwa kama bakuli. Kwa hiyo kila ubavu wa boti hii ni lazima uwe sehemu ya mcheduara au ya pia, na programu inakokotoa ukingo wa kila kipande kwa kufuata sharti hilo. Fundi wa mtepe alikokotoa mkunjo wa mbao zake kwa jicho na kwa ubao uliotangulia. Tofauti ni kwamba hesabu ya programu unaweza kumtumia mtu wa Mambrui sasa hivi, na hesabu ya fundi ilizikwa naye.

Ngomeni yenyewe ina somo jingine la aina hii. Kwenye majukwaa ya San Marco, baharini mbele ya kijiji hicho, Waitalia na Wamarekani walirusha setilaiti kati ya miaka ya 1967 na 1988. Mojawapo, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, iliitwa Uhuru kwa sababu siku hiyo ni sikukuu yetu, nayo ndiyo setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani. Sayansi kubwa, kilomita chache tu kutoka ufuoni. Roketi zilikoma kurushwa. Mashua za Ngomeni zinaendelea, kwa kuwa ufundi wake uko kwa watu wa Ngomeni.

Na ufundi ukibaki na wenyewe, unaweza kuhamia kitu kipya kabisa. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake wa Lamu walizindua Flipflopi, chombo cha mita 9 kilichoundwa kwa tani 10 hivi za plastiki iliyookotwa, ubavu wake ukiwa umefunikwa kwa sandali kuukuu. Mwanzoni mwa mwaka 2019 kikasafiri kilomita 500 kutoka Lamu hadi Zanzibar. Plastiki haikuwahi kuwa na fundi wa jahazi. Skanda aliichonga kama mbao, kwa maarifa aliyorithi. Anayejua mkuku, taruma na fashini haogopi kitu kikibadilika.

Tunachoweza kufanya

Mwaka 2004 wenzetu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitupatia Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Walilazimika kukaa na kuamua kila neno litaitwaje. Katika boti tuna bahati ya kinyume: maneno tunayo tayari. Mkuku, taruma, fashini, gubeti, mwashiri, darumeti, ngama, foromali. Tunachokosa ni michoro.

Mashua, madau na ngalawa zilizopandishwa mchangani Takaungu, Mayungu, Mambrui na Ngomeni ziko pale pale mtepe ulipokuwa mwaka 1900. Zipo, zinafanya kazi, na karibu hakuna mwenye vipimo vyake kwenye karatasi. Kizazi kijacho wakitaka kuunda mashua ya plaiwudi yenye umbo la mashua yetu, badala ya umbo la boti ya Ohio, watahitaji vipimo hivyo.

Kazi si ngumu. Funga uzi ulionyooka juu ya chombo kutoka omo hadi tezi. Gawa urefu wake mara kumi. Katika kila alama pima kutoka kwenye uzi: upana juu, upana katikati, upana chini, na kina hadi kwenye mkuku. Andika mti wa kila sehemu na jina ambalo mwenye chombo analitumia, hata kama jina la Watamu si la Kipini. Piga picha ukiweka rula ionekane. Mwulize fundi alianza na kipande kipi, umrekodi akijibu kwa maneno yake, na kwa ruhusa yake. Kisha weka nakala mahali zaidi ya pamoja.

Futi kamba, daftari na simu yenye kamera vinatosha. Msimu wa kusi vyombo vingi hupandishwa na mafundi wanakuwa kivulini wakitia kalafati, kwa hiyo huo ndio wakati mzuri wa kwenda kuwaona.